Kamba ya Kazuramine

Shizue Kurokawa ni jirani yetu hapa Nagoya, nyumba ya tatu kutoka duka la tofu. Yaliyompata mlimani Kazuramine hayakumpata usiku, wala kwenye mahame. Yalimpata mchana kweupe, jua la Novemba likiwaka, watalii wamejaa wakipiga picha majani mekundu.

Walitoka watatu: yeye, mumewe Katsunori, na Yoriko, shoga yake tangu darasa la kwanza. Wazo la safari lilikuwa la mume. Mkewe alikuwa amemaliza mwaka mzima wa dawa za saratani, daktari amesema damu ni safi, basi Katsunori akasema twende tukashukuru, tule tofu ya watawa, tulione kwa macho hekalu ambalo kila mwaka tunaliona kwenye kalenda.

"Na Yoriko aje pia," akaongeza.

Aliongeza haraka mno. Shizue aliisikia ile haraka.

Ugonjwa ulimwondoka Shizue, lakini nywele hazikumrudia. Zilizoota ziliota viraka viraka, laini kama manyoya ya kifaranga, na kiangazi chote alishinda na kofia ya sufi kichwani, jasho likimtiririka shingoni. Yoriko naye, kama aliyetumwa kumsimanga, alikuwa hajakata nywele zake miezi na miezi. Zilikuwa nyeusi ti, nzito, zimeshuka hadi kiunoni. Akipita sokoni hata wauza samaki walinyamaza kidogo.

Wiki mbili kabla ya safari, Shizue alikuta unywele kwenye kola ya koti la mumewe. Mrefu, mweusi. Aliulaza juu ya meza ya jikoni, akaunyoosha kwa kidole, akaukodolea macho mpaka wali ukaungua. Aliufunga ndani ya karatasi laini, akautia kwenye pochi yake. Tangu siku hiyo kila jambo likawa ushahidi: simu aliyoipokea Katsunori barazani, Jumamosi aliyochelewa kurudi, jinsi Yoriko alivyokwepa kumtazama usoni. Wivu ukishapata pa kulala hauhami, unaanza kupika na kuosha vyombo humo humo.

Ndani ya treni Katsunori alimenya chungwa dogo. Kipande cha kwanza alimpa Yoriko.

"Shika, shemeji, wewe uonje. Likiwa chachu, mke wangu asile."

"Ina maana mimi ndiye wa kufa kwanza?" Yoriko akacheka.

"Wewe huna wa kukulilia, shemeji."

Wakacheka wote wawili. Shizue alipokea kipande cha pili, akakitafuna. Kilikuwa kitamu. Hilo nalo lilimuudhi.

Walifika saa nne asubuhi. Ngazi za mawe za Kazuramine ni mia tatu na kumi na mbili, na Shizue alizipanda akipumzika kila baada ya ishirini, Yoriko amemshika mkono wa kushoto, Katsunori wa kulia. Kwa mtu aliyepita karibu, ilikuwa picha nzuri ya familia. Juu walivuta harufu ya ubani, walitupa sarafu, walipiga magoti mbele ya Buddha wa ukumbi mkuu. Shizue alishukuru kwa ajili ya uhai wake. Alipofumbua macho aliona wenzake bado wameyafumba, mabega yao yamekaribiana. Akajiuliza wanaomba nini kirefu hivyo.

Kando ya ukumbi mkuu kuna banda refu la mbao ambalo wageni wengi hulipita bila kuingia. Ndani ni baridi, na sakafu yake inapenya soksi kama barafu. Mlinzi wa banda siku hiyo alikuwa mtawa mwanamke, Mama Myosen, mzee mwenye uso uliosinyaa kama tunda la kaki lililoanikwa darini. Aliwaelekeza nyuma kwa kiganja.

Kamba ilikuwa imelala pale, nyuma ya uzio wa mianzi unaofika magotini. Unene wake paja la mtu mzima. Imezungushwa mizunguko mingi, rangi ya udongo wa zamani, imejilaza kama ng'ombe anayecheua.

"Hizi ni nywele?" Yoriko akanong'ona.

"Nywele, mama. Za wanawake wa vijiji saba. Hekalu lilipoungua zamani, boriti la paa lilipaswa kupandishwa toka bondeni. Kamba za katani zilikatika mara tatu, boriti likaua watu. Ndipo wanawake wakanyoa vichwa, wakasuka hii. Nywele za mwanamke hazikatiki kirahisi."

"Mama mtawa," Katsunori akadakia, "ukimnyoa shemeji yangu huyu leo, unapata kamba ya pili nzima."

Mtawa hakucheka. "Usiseme hivyo humu, bwana wangu."

Shizue alikuwa ameona kitu. Katikati ya ile rangi ya udongo palikuwa na kipande cha urefu wa mkono ambacho hakikuchakaa. Kilikuwa cheusi. Kiling'aa kana kwamba kimepakwa mafuta asubuhi ile.

"Na pale?" akauliza.

Mama Myosen aliutazama mlango kwanza, kama mtu anayehakikisha hakuna watoto. "Wanawake wote walitoa zao kwa hiari. Mmoja tu hakutoa zake. Alikuwa mke wa mpika pombe. Alimshika mke mdogo wa mumewe, akamkata nywele kwa mundu, akazileta yeye. Zikasukwa na nyingine, nani angejua? Siku ya kulivuta boriti, mwenye nywele alikuwa bondeni anafua. Watu wakashangaa kumwona naye kafika juu."

"Alikuja kuangalia?" Yoriko akauliza.

"Hapana, mama. Alipanda mlima mzima kinyumenyume."

Yoriko akasogea mbali na uzio.

"Kwa hiyo tunawaomba wageni mambo mawili," mtawa akamalizia. "Msiiguse. Na mbele yake msitaje jina la mtu."

Walitoka nje kwenye jua, wakacheka cheko la watu walioponea. Shizue akaenda msalani. Aliporudi, aliwaona chini ya mti wa ginko, majani ya manjano yakiwadondokea. Hawakumwona. Katsunori alitoa bahasha kifuani mwa koti, akampa Yoriko. Yoriko akaichungulia, akatikisa kichwa kukubali, machozi yakamlengalenga. Kisha akazivuta nywele zake mbele ya bega. Na Katsunori, mume wake wa miaka kumi na sita, akashika ncha ya zile nywele. Akaipimapima kiganjani taratibu, kama mtu anayenunua hariri.

Miguu ya Shizue iligeuka yenyewe.

Banda lilikuwa tupu. Mama Myosen alikuwa ameitwa kwenye sala, kengele ilisikika kule ukumbini. Shizue alivua viatu. Aliinama juu ya uzio. Alifungua pochi, akafungua ile karatasi, akautoa unywele. Vidole vyake havikutetemeka, na baadaye hilo ndilo lililomtisha kuliko mengine. Aliuchomeka ncha kwenye kile kipande cheusi.

Kamba ilikuwa ya moto. Moto wa kichwa cha mtu.

"Yoriko Minase," akasema. "Mvute. Mtoe kwangu."

Alitaka kuusukuma unywele uingie zaidi. Hakuhitaji. Uliingia wenyewe, polepole, kama mtu anavyofyonza tambi.

Alivaa viatu, akatoka. Alijiambia ni hewa ya baridi iliyomdanganya. Alijiambia ni ujinga wa mwanamke mgonjwa. Lakini moyoni kulikuwa na utulivu ambao hakuwa nao kwa wiki mbili, na aliupenda.

Chakula cha mchana kilikuwa tofu ya moto, uyoga na wali wa njugu za kichina. Yoriko aliweka vijiti chini katikati ya mlo.

"Nyie, kichwa kinaniuma. Hapa kisogoni."

"Njaa hiyo," Katsunori akasema. "Hujala tangu treni."

"Si njaa. Ni kama mtu amenikamata nywele." Akajipapasa nyuma, akatazama ukuta. Hapakuwa na mtu. "Shizu, hebu nitazame, kuna kitu kimening'ang'ania?"

Shizue akasimama, akatazama. Zile nywele hazikuanguka mgongoni kama kawaida. Zilikuwa zimekazwa. Zimenyooka kwa nyuma, wima kidogo, kuelekea kwenye dirisha lililotazamana na banda.

"Hamna kitu," akasema. Akakaa. Akashindwa kula.

Saa tisa ukungu ulianza kushuka toka kileleni. Katsunori alikumbuka kwamba hajapigiwa muhuri kwenye kitabu chake cha kukusanyia mihuri ya mahekalu. "Tangulieni, nitawakuta chini. Msikimbie, mke wangu, ngazi zina unyevu."

Wanawake wawili wakaanza kushuka. Ngazi ya kwanza, ya pili, ya kumi. Yoriko alikuwa mbele. Akasimama.

"Shizu."

"Nini?"

"Siwezi kushuka."

"Miguu?"

"Si miguu."

Akageuka polepole, akasimama uso kwa uso na Shizue. Kichwa chake kilikuwa kimeinuka kidogo. Halafu, kwa nguvu isiyokuwa yake, akazungushwa tena, kisogo kikaelekea juu ya mlima. Akapanda ngazi moja. Kinyumenyume.

Kisha nyingine.

Alimpita Shizue. Uso wake ulitazama mbingu, koo limekazwa, visigino vinapapasa mawe. Nywele zake zilikuwa zimenyooka hewani nyuma yake, zote, kama kamba iliyofungwa kwenye kitu kizito. Hakuna aliyezishika.

"Nishike," akanong'ona. "Shoga yangu, nishike."

Shizue alimdaka mikono miwili. Akaegemea kwa uzito wake wote, na uzito wake baada ya mwaka ule haukuwa mwingi. Wote wawili wakapanda ngazi moja. Kundi la wastaafu wenye kofia za njano lilikuwa linashuka. Wakadhani ni mchezo. Mmoja akapiga picha. Babu mmoja akasema, "Angalieni ngazi, akina mama, mtaanguka," akapita.

Juu, ndani ya ukungu, Shizue alisikia sauti. Nyingi, za wanaume, mbali. Zilikuwa zinaitikiana kwa pamoja, kama watu wanaovuta kitu. Kila sauti zilipopanda, Yoriko alipanda ngazi moja.

"Nani kakutuma uzifuge hizi nywele!" Shizue akapayuka. Ndilo lililomtoka. Hata pale, hata wakati ule, hilo ndilo lililotangulia.

"Zako," Yoriko akasema. Meno yalikuwa yanagongana. "Ni zako, Shizu. Nimezifuga tangu siku walipokulaza. Katsu ametafuta fundi wa nywele za bandia kule Gifu, tulikwenda Jumamosi ile akanipima. Bahasha ina picha zako za zamani, za mkato wako. Keshokutwa nakata. Ulikuwa usijue. Ilikuwa zawadi."

Sauti zikapanda. Ngazi moja.

Kichwani mwa Shizue kulipita Jumamosi, simu ya barazani, kiganja chini ya ginko. Alitamani kukimbilia kwenye banda akaung'oe ule unywele. Akajua hangefika. Zilibaki ngazi chache, na juu ya ngazi kulikuwa na lango, na boriti la lango lilikuwa linalia. Mbao ilikuwa inalia kama inayoinuliwa.

Alimwachia mkono mmoja. Ndani ya pochi, kwenye kijaluba cha sindano na nyuzi, kulikuwa na mkasi mdogo wa kukatia uzi.

"Fumba macho," akasema.

Alikata. Mkasi ule haukuumbiwa kazi ile. Alikata shungi kwa shungi, akisaga, akilia, karibu kabisa na ngozi, na kila shungi lilipokatika halikuanguka chini. Liliruka. La kwanza lilimpiga usoni likipita. Yoriko hakupiga kelele. Alikuwa amemshika Shizue kiunoni kwa mikono yote miwili kama mtoto anayezama.

Shungi la mwisho likakatika.

Wote wawili wakaanguka kifudifudi ngazini. Shizue aliinua kichwa. Zile nywele, miezi yote ile ya nywele, zilikuwa zimejikusanya pamoja, na zilikuwa zinapanda ngazi. Zilipanda bila haraka. Zilijikunja kwenye ukingo wa kila ngazi, zikanyooka, zikaendelea. Zikapita chini ya lango. Ukungu ukazifunika.

Sauti zikanyamaza ghafla, kama watu waliofikisha mzigo wao.

Katsunori aliwakuta hapo. Alikuwa anashuka na kitabu chake mkononi, wino wa muhuri bado mbichi, anapiga mluzi. Mluzi ukakatika. Aliona kichwa cha Yoriko, mapengo na mikwaruzo, damu kidogo nyuma ya sikio. Aliona mkasi mkononi mwa mkewe.

Hakuuliza kilichotokea. Alikaa ngazini.

"Shizue," akasema taratibu. "Kumbe ulikuwa unatuwazia hivyo?"

"Ameniokoa," Yoriko akasema. "Katsu, ameniokoa. Kuna kitu kilikuwa kinanivuta."

Katsunori alitazama ngazi, zilizokuwa tupu. Hakukuwa na unywele hata mmoja chini. Alivua koti lake, akamfunika Yoriko kichwa.

Mama Myosen alikuwa amesimama langoni. Hakuna aliyemwona alipofika. Alimtazama Yoriko, akaunganisha viganja na kumwinamia mpaka chini. Kisha akamgeukia Shizue.

"Nani aliyetaja jina?" akauliza.

Shizue akauficha mkasi ndani ya pochi. Mtawa alisubiri kidogo, kisha akageuka akaondoka, na hakumwinamia.

Kwenye treni ya kurudi walikaa viti vitatu vilivyotazamana. Yoriko alilala, kichwa juu ya bega la Shizue. Kabla hajalala alimshika mkono, akanong'ona kwamba kama angekuwa mtu mwingine pale ngazini angekimbia. "Ungeweza kuniacha," akasema. "Mtu wa kawaida angeniacha." Shizue akatikisa kichwa. Alikuwa na saa mbili nzima za kusema. Alisema, "Lala."

Hajasema mpaka leo, kwa Yoriko. Kwangu alisema, mwezi Machi, tulipokuwa tunapepeta maharage jikoni kwake, na alisema bila kuniangalia. Katsunori naye hajawahi kuuliza mara ya pili. Wanakula pamoja, wanaulizana habari za hali ya hewa, anamwekea mkewe chai kabla ya kwenda kazini. Lakini mikasi yote ya nyumbani aliikusanya siku moja akaipeleka kazini kwake, na wakati wa kukata uzi Shizue anauma kwa meno. Kuna siku Katsunori huja na Yoriko wakicheka wote wawili kutoka kituoni, na Shizue husimama nyuma ya pazia la jikoni akiwahesabia hatua. Ananiambia anajua hakuna kitu. Ananiambia ameona kwa macho yake kwamba hakuna kitu. Na bado anahesabu.

Juni iliyopita mvua ilinyesha siku nne mfululizo. Siku ya tano asubuhi Katsunori alikuwa safarini Osaka, na Shizue alikuwa peke yake. Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo mbili, kama alivyouacha. Alikwenda kuchukua gazeti, akasimama pale mlangoni panapovuliwa viatu.

Sakafuni palikuwa na alama ya kandambili ya majani, zile za kusuka ambazo siku hizi huzioni ila kwenye sherehe. Ilikuwa mbichi. Tope lake lilikuwa jekundu, kama lile Shizue alilorudi nalo viatuni kutoka Kazuramine, na udongo wa mtaa wetu ni mweusi. Mguu ulikuwa mdogo, wa mwanamke. Vidole vilielekea ndani ya nyumba.

Aliniita nikaiona. Tulizunguka vyumba vyote, tukafungua makabati, tukainua mikeka. Hatukukuta alama nyingine yoyote, ya kuingia wala ya kutoka. Ilikuwa ile moja tu.